UKUMBI WA NYUMBANI: Kufuli la Usukani na Gari Jipya



Ndugu wasomaji wetu wapenzi wa Riyadh na Jeddah, na nyinyi wa miji mingine ambao jarida hili huwafikia kwa mkono wa msafiri likiwa limekwisha kukunjwa mara nne, mwezi huu tumeiweka kando mada ya masomo ya watoto tuliyoiahidi. Itakuja, inshaallah. Sababu ya kuiweka kando ni barua iliyotufikia kutoka Jeddah, mtaa wa Safa, iliyoandikwa kwa hati nzuri na mama ambaye, kwa ombi lake, hatutamtaja jina.

Anaeleza mama huyu kwamba mumewe, baada ya miaka kumi na mmoja ya kuendesha gari kuukuu ambalo kiyoyozi chake kilikuwa kikifanya kazi wakati wa baridi tu, hatimaye amepata gari jipya. Hakulinunua kwa fedha taslimu. Amelichukua kwa mkataba wa ijara wa miaka mitano. Kila mwezi hulipa fungu lake, na mwisho wa miaka hiyo ndipo gari litakapokuwa lake. Mama mwenyewe ana leseni, kama walivyo nayo dada zetu wengi tangu wanawake waliporuhusiwa kuendesha mwezi Juni 2018, naye ndiye apelekaye watoto skuli asubuhi. Siku ya tatu baada ya gari kufika nyumbani, alikwenda akanunua kufuli la usukani, lile refu la chuma lililopakwa rangi nyekundu. Mume akalikataa.

Hoja za mume ni tatu, na mkewe amezieleza kwa uadilifu ambao tumeustahi. Ya kwanza, nchi hii ina amani, wala si Dar es Salaam au Nairobi. Ya pili, gari jipya lina ulinzi wake ndani, nalo halihitaji chuma cha duka la vyombo. Ya tatu, kufuli jekundu humwambia mwizi kwamba hapa pana kitu cha thamani, na huwaambia majirani kwamba twawadhania ubaya. Mama anauliza ni nani kati yao mwenye haki, maana chuma hicho sasa kimelala chini ya kitanda na kila mmoja wao huona aibu kukitaja.

Tulipoisoma barua hii kikaoni, nasi tuligawanyika vivyo hivyo. Mwenzetu mmoja alisema kwamba kufunga kufuli juu ya kufuli ni upungufu wa kumtegemea Mwenyezi Mungu. Hilo halikutuchukulia muda mrefu, kwa kuwa kisa cha yule bedui na ngamia wake kila mtoto wa madrasa anakijua. Lakini hoja za shemeji yetu wa Safa ni za mtu aliyefikiri, na zinastahili kujibiwa moja moja.

Tuanze na hiyo ya amani, maana ndani yake ndimo tulimoikuta hatari kubwa kuliko zote.

Ni kweli kwamba aliyetoka kwetu akafika hapa hupumua. Dar es Salaam mtu akinunua gari, safari yake ya kwanza ni kwa fundi wa kuchonga nambari ya usajili kwenye vioo vyote, kisha vioo vya pembeni na taa zipigiliwe misumari, la sivyo ataamka asubuhi na kwenda kuvinunua vioo vyake mwenyewe Gerezani. Nairobi wanaijua Grogan na barabara ya Kirinyaga kwa shughuli hiyo hiyo ya vipuri, na wengi huficha ndani ya gari swichi ya siri ya kukata umeme wa pampu ya mafuta. Wakazi wa jiji hilo wanakumbuka pia miaka ya 1990, mwenye gari alipokuwa akivamiwa langoni mwa nyumba yake na kunyang'anywa ufunguo kwa bastola. Tunayo familia moja hapa Riyadh iliyochonga nambari kwenye vioo vya gari lake kwa mazoea tu, na jirani yao Msaudi aliwauliza kwa upole kama hilo ni pambo la kwao.

Basi mgeni akishapumua, hujifunza desturi za wenyeji, na desturi ya kwanza ajifunzayo ni hii: huliacha gari likinguruma mbele ya bakala. Ni mwezi wa Julai, Riyadh joto limepita digrii 45, ndani ya gari ni baridi kama peponi, na yeye anataka mkate na laban tu, dakika mbili. Huuacha ufunguo mahali pake, au rimoti kwenye kishikio cha vikombe, mlango haukufungwa, injini inafanya kazi. Wakati wa baridi hufanya vilevile baada ya alfajiri, akiipasha injini moto huku mwenyewe yumo ndani akinywa chai.

Gari la namna hiyo halina haja ya kuibwa kwa ujuzi. Mtu huingia, huketi, huondoka. Polisi na idara ya trafiki wa nchi hii wameonya mara nyingi mno juu ya desturi hii, na kanuni za trafiki zinaihesabu kuwa kosa lenye faini ya riyali 100 hadi 150. Wala hakuna kifaa kinachosaidia hapa, kiwe cha ndani au cha nje, kwa sababu mwenye gari mwenyewe ndiye aliyemkabidhi mwizi kila kitu. Kufuli la usukani halifungwi injini ikiwa inanguruma kwa dakika mbili za bakala. Hakuna mtu alifungaye.

Lakini tunalotaka kulisema kwa sauti kubwa ni jingine. Mara nyingi kiti cha nyuma hakiwi kitupu. Magazeti ya hapa yameandika zaidi ya mara moja habari za gari lililochukuliwa mbele ya duka na mtoto akiwa amelala ndani, mwizi asijue mpaka amekwisha kufika mbali. Hatutaki kuwatisha akina mama, ila na tufikiri pamoja: mwizi huyo afanye nini? Akiliacha gari kando ya njia, akaizima injini na kukimbia, kwa joto la Riyadh au la Jeddah muda alionao mtoto ndani ya gari lililofungwa ni mfupi sana.

Mmoja wetu katika safu hii ametupa ruhusa ya kusimulia lake. Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa, Jeddah, naye alisimama mbele ya duka la tamisi kununua mkate na fuuli. Binti yake wa miaka minne alikuwa amelala nyuma, akaona kumwamsha ni dhuluma, akaiacha injini ikinguruma. Foleni haikuwa ndefu. Alipotoka na mkate wake wa moto alimwona mtu amesimama kando ya gari, mkono wake u juu ya kitasa. Yule mtu akamtazama, akatabasamu, akasema amelidhania kuwa lake, kwani lake pia ni jeupe. Huenda ni kweli. Magari meupe Jeddah ni kama kunguru Zanzibar. Akaenda zake kwa miguu, wala hakuelekea kwenye gari lolote jeupe. Mwenzetu aliketi nyuma ya usukani na mkate mapajani mpaka ukapoa. Nyumbani hakusema kitu, na mkewe atakuja kuisoma habari hii hapa kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo, mama yetu wa Safa, kabla hamjaendelea kugombana juu ya chuma kilicho chini ya kitanda, tunakuomba umwulize shemeji swali moja: akienda bakala, huizima injini?

Sasa hoja ya pili, ya ulinzi wa ndani. Hapa shemeji ana haki zaidi ya nusu. Magari mengi ya miaka hii yana kifaa kiitwacho imobilaiza. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chembe ndogo ya elektroniki yenye siri yake. Ufunguo unapokaribishwa, gari huuliza, chembe hujibu, na jibu lisipokuwa sahihi injini haiwaki hata ukizifunganisha nyaya zote. Ulaya waliifanya lazima kwa magari mapya ya abiria kuanzia Oktoba 1998, Australia kuanzia Julai 2001, Kanada kuanzia Septemba 2007. Mwizi wa zamani, yule wa bisibisi na nyaya mbili, kwa sehemu kubwa alimalizwa na chembe hiyo.

Hata hivyo, upya wa gari peke yake si dhamana. Marekani, ambako hapakuwa na sheria kama hiyo, magari mengi ya Hyundai na Kia yaliyoundwa takriban kati ya 2011 na 2021, yale ya kuwashwa kwa ufunguo wa kuzungusha, yaliuzwa bila imobilaiza. Mwaka 2021 na 2022 vijana wa huko waliligundua jambo hilo, wakafundishana kwa picha za video jinsi ya kuyawasha, na wizi ukaenea mji baada ya mji. Yalikuwamo magari ambayo wenyewe walikuwa bado wanayaita mapya. Mwezi Februari 2023 makampuni hayo yakatangaza programu mpya ya kuyatia magari ulinzi, lakini kabla na baada ya hapo dawa waliyoigawa bure kwa maelfu ya wateja, mara nyingi kwa mkono wa polisi, ilikuwa ni ipi? Ni kufuli la usukani, chuma kile kile cha chini ya kitanda. Tunamshauri kila mwenye kununua gari, hasa lililoletwa kutoka nchi nyingine, amwulize wakala swali hili waziwazi na aitafute imobilaiza katika kitabu cha gari, asitosheke na kuambiwa kwamba gari lina alamu. Alamu hupiga kelele tu. Haizuii injini kuwaka.

Tena kuna mwizi wa leo. Magari yanayofunguka bila ufunguo, mtu akikaribia tu na rimoti mfukoni, yamemletea hila mpya. Wezi wawili huja usiku. Mmoja husimama karibu na mlango wa nyumba na chombo cha kunasa mawimbi ya rimoti iliyotundikwa ukutani, mwingine husimama kando ya gari na chombo cha kuyapokea, na gari hudhani bwana wake amefika. Iko na hila nyingine isiyohitaji rimoti kabisa. Mwaka 2022 Mwingereza mmoja, Ian Tabor, ambaye kazi yake yenyewe ni kuchunguza usalama wa kompyuta za magari, aliibiwa Toyota RAV4 yake mjini London. Siku chache kabla ya hapo alikuwa ameona ubapa wa mbele umechezewa na nyaya za taa zimechomolewa, akadhani ni watoto watukutu. Alipochunguza pamoja na mwenzake Ken Tindell, aliyeieleza habari hiyo mwaka 2023, walikuta kwamba wezi huingia katika mtandao wa nyaya za gari kupitia waya wa taa ya mbele na kuliamuru gari lifunguke na liwake. Kifaa chenyewe kilikuwa kikiuzwa kikiwa kimefichwa ndani ya spika ndogo ya muziki.

Hebu mfikirie mwizi huyo. Ameishinda kompyuta, ameufungua mlango, ameiwasha injini, ameketi kitini. Mbele yake pana fimbo ya chuma iliyopita katikati ya usukani, haina waya, haina betri, haisikii mawimbi. Ndiyo maana kufuli ambalo watu walikuwa wamekwisha kulitia stoo limerudi tena kwa heshima.

Wala hatusemi kwamba haliwezi kushindwa. Fundi yeyote atawaambieni kuwa mwizi hahitaji kulikata kufuli. Huukata usukani wenyewe kwa msumeno, kwani usukani ni laini kuliko chuma, kisha kufuli huteleza likatoka. Linalouzwa dukani ni dakika tu: dakika za kukata, dakika za kelele, dakika za kujiuliza kama jirani ameamka kwa tahajudi. Wengine hufunga breki, wengine hufunga gia, wengine hufunga tairi kwa kufuli kubwa la manjano. Yote hayo ni dakika. Kwa mwizi wa kujaribu bahati dakika hizo hutosha kumfanya aende zake, na Riyadh hasa imewajua wezi wa namna hiyo kwa muda mrefu, wale vijana wa tafhit waliokuwa wakichukua gari la mtu au la kukodi, wakalichezesha barabarani usiku kucha na kulitupa alfajiri. Pascal Ménoret, Mfaransa aliyekaa nao, alitoa kitabu kizima juu yao mwaka 2014. Kijana wa namna hiyo hana msumeno. Akiona chuma jekundu, hutazama gari la pili.

Hapo ndipo tunapoikuta hoja ya tatu ya shemeji, ya majirani. Tunakiri kwamba hii ndiyo iliyotushughulisha zaidi, ingawa si kwa sababu aliyoitaja yeye.

Kwamba kufuli humwonyesha mwizi penye thamani, hilo hatulikubali. Gari jipya linajionyesha lenyewe. Mwizi ana macho. Lakini hebu tujiulize: yule aliyeliona kufuli akaenda kwenye gari la pili, gari hilo la pili ni la nani?

Wataalamu wawili wa Marekani, Ian Ayres na Steven Levitt, waliandika juu ya swali hili mwaka 1998. Walichunguza kifaa kiitwacho LoJack, kilichoanza kutumika Massachusetts mwaka 1986, ambacho hufichwa ndani ya gari na kutoa mawimbi ya redio gari likiibwa, polisi wakalifuata. Hakuna alama nje. Mwizi hajui ni gari lipi linacho. Waliona kwamba katika miji kilikotumika wizi wa magari ulipungua kwa watu wote, hata kwa wasiokuwa nacho, kwa sababu mwizi alianza kuyaogopa magari yote. Ulinzi wa kuonekana kazi yake ni tofauti: humlinda mwenyewe, na mara nyingi humwelekeza mwizi kwa jirani.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Ulaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ujerumani ya Magharibi iliamuru kufuli la ndani la usukani, hili ambalo leo kila gari huzaliwa nalo, liwekwe katika magari yote, mapya kwa makuukuu. Wizi ukashuka, kwani mwizi hakuwa na pa kukimbilia. Uingereza ililiweka kuanzia 1971 katika magari mapya tu. Mapya yakapona, na wezi wakageukia makuukuu.

Jambo hili tunalisoma kwa jicho la mtu wa kwetu. Gari kuukuu hapa ni la nani? Ni Hilux ya fundi ujenzi wa Manfuha ambayo ndani yake mna ngazi na vyombo vyake vyote vya kazi. Ni Corolla ya mwanafunzi. Ni gari la baba anayewapeleka watoto wa watu wanane skuli ili apate kodi ya nyumba. Bima yao, wakiwa nayo, ni ile ya lazima ya kumlipa mtu wa pili, wanayoiita dhidi ya ghairi, na bima hiyo hailipi hata riyali moja gari likiibwa. Mwenye gari jipya la ijara, kwa kawaida, ana bima ya shamil. Basi kila ulinzi unaotiwa katika gari jipya peke yake humsogeza mwizi hatua moja kumwelekea yule asiyekuwa na bima.

Hatusemi kwamba mama wa Safa atapata dhambi kwa kulifunga gari lake. Haki ya jirani haimlazimishi mtu kuiacha milango yake wazi. Tunalosema ni kwamba shemeji amemkumbuka jirani mahali pasipo pake. Jirani haudhiki kwa kuliona kufuli lako. Atakuja kuudhika siku gari lake litakapoondoka na lako likabaki. Bei ya kufuli hilo ni ndogo kuliko karamu ya mchana mmoja. Na linunuliwe la pili.

Pamoja na hilo la kuonekana, liwepo na la kufichwa. Vifaa vidogo vya kufuatilia gari kwa setilaiti vinapatikana, na wengine hutia ndani ya siti kidude cha kutafutia funguo, ingawa hicho huweza kumpa mwizi taarifa kwenye simu yake kwamba kinasafiri naye. Gari likionekana kwenye ramani, msilifuate wenyewe. Mwapigia polisi.

Rimoti nayo isitundikwe karibu na mlango. Iwekeni ndani ya bati la biskuti lenye kifuniko, kisha mwende nalo mpaka kando ya gari mkajaribu kuufungua mlango. Usipofunguka, bati hilo linafaa. Rimoti za baadhi ya magari huweza kuzimwa zisitoe mawimbi, na kitabu cha gari hueleza. Na mtu wa Jeddah akumbuke kuwa hewa ya bahari hula kufuli la chuma. Alipake dawa kavu ya kufuli, si mafuta mazito, maana mafuta hushika vumbi na ufunguo ukagoma. Wa Riyadh yeye alifunike kwa kitambaa mchana, tusije tukasikia mtu ameungua viganja.

Kuna jambo moja ambalo kufuli halilizuii hata kidogo, nalo latuhusu sisi wageni kuliko wenyeji. Ni likizo. Tunakwenda nyumbani wiki sita, saba, gari tumeliegesha kando ya njia Malaz au Naseem, na kila dhoruba ya vumbi inalifunika. Baada ya mwezi gari hilo limekuwa tangazo kwamba mwenyewe hayupo. Wapo wezi wanaokuja na satiha, gari la kubeba magari, mchana kweupe, wakalipandisha na kufuli lake, nalo likaishia tashlihi likiuzwa vipande vipande, na mpita njia akadhani limeharibika linapelekwa gereji. Hata manispaa huweza kuliondoa gari lililodhaniwa kutelekezwa. Mwachieni mtu, muombeni alioshe kila wiki na kulisogeza hatua chache. Wale mnaoliacha Kudai mkipanda kwenda Umra, saa zenu ni chache. Hapo kufuli la usukani linatosha.

Ikitokea, Mungu apishe mbali, gari limeibwa, pigeni 911, kwani ndiyo nambari ya Riyadh na ya mkoa wa Makka ambao Jeddah imo. Ripoti ni ya saa ile ile, si ya kesho, kwa kuwa kamera za Saher zitaendelea kuandika makosa kwa jina la mwenye gari, na mwizi hutumia gari la watu kwa mambo mabaya kuliko mwendo wa kasi. Kisha kampuni ya ijara, kisha bima. Katika mkataba wa shamil tafuteni kifungu kinachohusu ufunguo ulioachwa ndani ya gari, mkisome leo na si siku hiyo. Na kwa kuwa mgeni hapati khuruji ya mwisho akiwa bado na gari lililoandikwa kwa jina lake, tunzeni karatasi ya polisi kama mnavyoitunza iqama. Kuna watu ambao gari limepotea na mashaka yake yakabaki.

Majibu haya tulimsomea mama kwa simu kabla ya kuyapeleka kwenye mashine ya fotokopi, naye akatuletea habari usiku wa kuamkia siku ya kuchapa. Shemeji amekubali. Kwa swali la bakala alinyamaza kwa muda, kisha akacheka, na tangu hapo huizima injini na kurudi akitokwa jasho na fahari. Kufuli la pili amelipeleka yeye mwenyewe kwa jirani yao Msudani mwenye gari kuukuu, ambaye alilipokea kwa furaha kubwa, akalifunga usiku ule ule, akarudisha sinia la basbusa. Asubuhi akagundua kwamba funguo zote mbili za kufuli, pamoja na ile ya akiba, alizifungia ndani ya nyumba ya dada yake aliyekwisha kusafiri kwenda Khartoum.

Gari lipo, halikuguswa, wala halitoki. Msomaji yeyote anayemjua fundi wa kufuli karibu na Safa, asiyekuwa wa msumeno, atuarifu haraka.